Hela ya korosho iliyokataa kubakiza

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wenu wa huku Newala, mkoani Mtwara, gazeti lenu likinifikia huwa limeshapita kwa watu wawili watatu lakini nalisoma lote mpaka tanzia, na leo naandika kwa mara ya kwanza maana kuna jambo limenikaa kichwani tangu korosho zetu zilipwe na kila nikimsimulia mtu hapa mtaani ananiambia si uwaandikie wenye gazeti.

Jambo lenyewe ni namba. Namba moja tu, 720,720.

Ilianza hivi. Tuna shamba la marehemu bibi, mikorosho ya siku nyingi, haizai tena kama tulipokuwa watoto na salfa yenyewe, dawa ya mikorosho, msimu huu tuliipata kwa kuchelewa, basi tukaokota, tukaanika, tukapata magunia manne. Mimi ndo nilisimama kwenye mzani chama cha msingi nikiwa na daftari, kila gunia likasoma kilo 84, yote manne, nikaandika kilo 336. Mnada ukapita, bei ikatoka, makato yakatolewa, ikabaki 2,145 kwa kilo. Zidisha mwenyewe, 336 mara 2,145, inakuja shilingi 720,720. Siku ile niliiona ni hela kama hela nyingine, tena ndogo kwa ukoo wa ukubwa wetu.

Jumamosi tukakaa barazani kwa mjomba mkubwa, maana kwetu sisi shamba la bibi msimamizi wake ni mjomba, mimi nimeshika daftari na simu yenye kalkuleta. Majina yaliyosomwa kwanza yalikuwa 11. Nikagawanya, kila mtu 65,520, haibaki kitu. Vizuri. Mama mdogo akasema mbona mmemsahau ndugu yetu wa Nanyamba, kweli tumemsahau, wakawa 12, nikagawanya tena, 60,060, haibaki kitu. Mara simu inaita kutoka Mbagala, watoto wa marehemu dada nao wanauliza jina la mama yao limeandikwa? Halijaandikwa. 13. Nikabonyeza, 55,440. Hapo ndo nilisita kidogo, maana Mhariri 13 si namba ya mchezo, ni nadra sana hela igawanywe kwa 13 itoke safi. Nikarudia nikidhani nimekosea. 55,440. Akaongezwa wa 14, ikatoka 51,480. Akaongezwa mjane wa mjomba wa tatu ambaye mwanzoni watu walibishana kama anaingia au haingii, wakakubaliana anaingia kwa kuwa ndo aliyepalilia, 15, kila mtu 48,048. Jioni kabisa akakumbukwa wa 16, na kila mtu akapata 45,045.

Mara sita nimegawanya, mara sita haikubaki shilingi. Baraza zima likanyamaza. Mjomba mdogo akasema hela hii ina kitu, tuisomee dua kabla ya kuigusa, na shangazi mmoja akasema yeye fungu lake lipelekwe msikitini moja kwa moja hataki kulala nalo. Dua ikasomwa, na mimi niliitikia amina kwa moyo wote. Ila nilivyorudi nyumbani usingizi haukuja.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Nikamwamsha, nisamehewe, ilikuwa saa nne usiku, tukakaa chini kwenye taa ya sola na kipande cha mkaa na kiroba kitupu cha unga, nikamwambia mwanangu hebu nionyesheni mnavyofanya ile KDS, kigawe kidogo cha shirika, mnayofundishwa. Akaandika 720,720 juu, akachora mstari. Gawanya kwa mbili, 360,360. Kwa mbili, 180,180. Kwa mbili, 90,090. Kwa mbili, 45,045. Haikubali mbili tena. Kwa tatu, 15,015. Kwa tatu tena, 5,005. Kwa tano, 1,001. Akakwama hapo, 1,001 tukaiangalia wote wawili kwa muda, akajaribu saba, ikatoka 143, akajaribu 11, ikatoka 13. Mwisho.

Mhariri, sijui nikueleze vipi nilichokiona pale kwenye kiroba. Huku kwetu korosho ghafi ukiiangalia kwa nje ni ganda la kijivu, kavu, lina mafuta yanayochoma vidole, mgeni hawezi kujua ndani kuna nini mpaka ibanguliwe. Na ile namba tuliibangua. Punje zake ni hizi: mbili zipo nne, tatu zipo mbili, tano ipo moja, saba moja, 11 moja, 13 moja. Basi, hamna kingine ndani. Ukizizidisha zote unarudi kwenye 720,720 na hakuna njia nyingine yoyote ya kuijenga hiyo namba kwa namba tasa, zile zisizopasuka tena, zaidi ya hizo hizo, upange utakavyo.

Na majibu yote ya barazani yalikuwa pale chini kwenye kiroba. Kwa nini watu 14 walipata sawa? Kwa kuwa 14 ni mbili mara saba, na mbili ipo na saba ipo. Kwa nini 15? Tatu na tano, zote zipo. 12 inataka mbili mbili na tatu moja, zipo. 16 ndo ngumu, inataka mbili nne, na zilikuwemo nne kamili, zingekuwa tatu tu mtu wa 16 angevuruga kila kitu. Binti akaandika kuanzia moja mpaka 16 akawa anatia tiki, kila moja ikapata punje zake mle ndani. Alafu tukaenda kwa mwalimu wake wa hesabu siku iliyofuata asubuhi, akatuthibitishia kwamba hakuna namba ndogo kuliko 720,720 inayogawanyika kwa zote kuanzia 1 hadi 16. Ndogo kuliko zote! Yaani watu wa hesabu wanaijua siku zote, sisi imetuangukia kwenye magunia manne.

Kilichonitoa machozi hasa ni kuona kila punje ilitoka wapi. Magunia yalikuwa manne, hapo kuna mbili mbili. Kila gunia kilo 84, ndani ya 84 mna mbili mbili nyingine, na tatu, na saba. Bei 2,145, ukiibangua unakuta tatu, tano, 11 na 13. Kwa hiyo ile saba ililetwa na mzani, 11 na 13 zililetwa na mnada, na zile mbili nne zimegawana nusu zimetoka kwenye idadi ya magunia nusu kwenye uzito. Gunia moja lingepungua kilo moja saba ingepotea. Kwa mtu aliyesimama pale kwenye mzani na vumbi lote lile kuona hivyo si jambo dogo.

Alafu kuna hili la majirani. Tuseme makato yangezidi shilingi moja tu tukapewa 720,719. Mkononi mwako huoni tofauti, shilingi moja hata sarafu yake hatuioni siku hizi. Lakini hiyo 720,719 huwezi kuigawa sawa kwa wawili, wala watatu, wala wanne, wala watano, endelea hivyo hivyo, inakataa wote mpaka watu wafike 31! Punje zake ni tatu tu, 31 na 67 na 347. Vigawo vyake vyote, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza, ukivihesabu pamoja na moja na yenyewe, ni nane. Na 720,720 ina vigawo 240. Mia mbili na arobaini dhidi ya nane, na wamekaa ukuta kwa ukuta. Mwalimu akasema namba zilizofuatana huwa hazichangii kigawo chochote isipokuwa moja, ndo maana yule kashiba mbili, tatu, tano, saba, 11 na 13 zote na jirani yake hakupata hata moja.

Mwalimu huyo huyo ndo alitusimulia habari za Ramanujan, Mhindi aliyezaliwa mwaka 1887, ambaye mwaka 1912 alikuwa karani wa hesabu za bandari kule Madras. Karani wa bandari Mhariri, kama hawa vijana wetu wa bandari ya Mtwara wanaohesabu makontena ya korosho. Alikuwa akimaliza kazi anaandika hesabu zake, mwaka 1913 akamwandikia barua mwanahisabati mmoja wa Cambridge, Uingereza, anaitwa Hardy, mwaka uliofuata akaenda huko, na mwaka 1915 akachapisha andiko refu kuhusu namba za aina hii hii, namba zilizosheheni vigawo kushinda namba zote zilizo chini yake. 720,720 ni mojawapo, hakuna namba ndogo kuliko yenyewe iliyofikisha vigawo 240. Alifariki mwaka 1920 akiwa na miaka 32 tu. Nimemwombea huyo mtu.

Nataka niseme na hili neno namba tasa, maana lilinigusa. Tasa kwetu ni neno zito, mwanamke akiitwa hivyo nyumba nzima inainama, na wapo ndugu zangu wamelibeba neno hilo maisha yao yote. Kwenye namba wameitwa tasa kwa kuwa hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Lakini angalia kiroba chetu, ni hizo tasa ndo zimeizaa 720,720, na kila namba nzima iliyo juu ya moja kama si tasa yenyewe basi imezaliwa na tasa. Na haziishi, Euclid wa kule Alexandria, Misri, alishalithibitisha hilo kama miaka 300 kabla ya Kristo, ukidhani umezikusanya zote ipo nyingine hujaiokota. Kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320. Nyinyi wenye gazeti mnaelewa maana yake, hata mkibana maandishi ukurasa mmoja ukabeba tarakimu 10,000, mtahitaji kurasa zaidi ya 4,100 kuichapa namba moja, na yote ile ni punje moja isiyopasuka.

Sasa grivansi yangu, kama ndo neno lenyewe, maana barua kwa mhariri lazima iwe na lalamiko. Mimi hesabu niliiacha. Shule niliyosoma, siitaji, tuliimba tebo tumesimama, ukikosea tebo ya saba unachapwa palepale ubaoni mbele ya wenzako, na mimi ya saba ndo ilikuwa inanishinda, nane saba, tisa saba, ulimi unakwama huku nasikia fimbo inavutwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba saba ina kazi. Kwamba kuna siku saba italetwa na mzani wa korosho na ndo itakayofanya watu 14 wa ukoo mmoja wasigombane. Nilitoka shule naogopa namba yoyote yenye tarakimu zaidi ya tatu, na wenzangu wengi niliotoka nao ni hivyo hivyo, na huku kwetu mtu anayeogopa namba, kangomba, yule mnunuzi wa magendo wa korosho, anamjua kwa macho, atampimia kwa bakuli, atamtajia jumla haraka haraka, ataondoka na gunia. Nimeona kina mama wakipokea hela za korosho bila kuzihesabu kwa kuwa wanaona aibu kuhesabu mbele za watu.

Ndo maana naomba. Gazeti lenu linatupa bei ya kila mnada, tunashukuru, linatupa mpira kurasa nne, sikatai, na mimi ni mpenzi wa mpira. Tupeni na kakona kadogo, mara moja kwa wiki, namba moja tu ibanguliwe. Isiwe somo la darasani la kutafuta maksi. Mnaweza kuchukua namba iliyotoka humo humo gazetini, jumla ya tani za mnada, watu waliojiandikisha kupiga kura, namba yoyote, mtuonyeshe ndani mna nini. Watoto watagombania hilo gazeti, nina ushahidi, maana tangu usiku ule watoto wa mtaani kwangu wamehamia barazani kwangu kwa ajili ya mchezo mmoja tu uliotokana na namba hii.

Mchezo wenyewe ni huu. Angalia 720,720, ni 720 imeandikwa mara mbili, si ndiyo? Basi mwambie mtoto aandike tarakimu tatu zozote anazotaka, alafu aziandike tena mbele yake. Mmoja aliandika 358, ikawa 358,358. Nikamwambia kabla hajafika popote, gawanya kwa saba, haitabaki kitu. Akagawanya, 51,194. Gawanya hiyo kwa 11, haitabaki kitu. 4,654. Gawanya kwa 13. Akapata 358, ile ile aliyoanza nayo, akapiga yowe mpaka jirani akatoka nje. Wameijaribu kwa namba zote wanazozijua, mwaka wa kuzaliwa wameuona una tarakimu nne haufai, wakaenda kwenye namba za pikipiki. Haikosei. Sababu yake nayo si uchawi, kuiandika mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, na 1,001 tumeshaibangua, ni saba mara 11 mara 13. Wewe unazitoa zile tatu moja moja, lazima ubaki na ulichoanza nacho. Nimewafundisha na ile ya 11, unajumlisha tarakimu kwa kuruka moja moja, kwenye 720,720 unapata saba na sifuri na mbili ni tisa, upande wa pili mbili na saba na sifuri ni tisa, zikilingana namba inagawanyika kwa 11. Mtoto wa darasa la nne ananisubiri mlangoni asubuhi na namba yake mkononi, na mwanzo huyo alikuwa anatoroka kipindi cha hesabu.

Nirudi kwa mjomba, maana mambo ya mgao hayakuishia Jumamosi. Jumapili mchana kabla hela haijahesabiwa ikaja habari kutoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwamba kuna mtoto wa binamu wa bibi, damu kabisa, naye alikuwa anakuja kulima pale miaka ya nyuma na bibi alimwahidi. Mjomba mkubwa akakubali. Akaniambia haya mpwa, gawa kwa 17, na hii hela yetu haina shida itatoka tu.

Sikuichukua simu. Nikamwambia mjomba, shikamoo yako, lakini huyu wa 17 hatatoka sawa. Akaniuliza umeshagawa? Nikasema bado, ila 17 haigawanyiki ni tasa, na mimi nimeingia mpaka ndani ya hii hela sikuikuta 17 humo. Akanitazama sana. Akavaa miwani akachukua kalkuleta mwenyewe akabonyeza pole pole kwa kidole kimoja, ikaja 42,395 na nukta na mkia mrefu. Zidisha urudi, inapungua shilingi tano. Akamgeukia mjomba mdogo akamwambia umeona, siyo majini, huyu anajua. Basi tukamalizana kwa kutoa 42,000 kila mtu, maana sarafu za vishilingi hivyo vidogo hatuna, ikabaki 6,720 tukanunua sukari ya dua ya bibi, na yule ndugu wa ng'ambo fungu lake tumemtunzia.

Kama mtakubali hiyo kona, namba ya kwanza ninayo tayari nawapa bure, 12,252,240. Ndo ndogo kuliko zote inayotosheleza watu kuanzia 1 hadi 17, maana 17 ni tasa haikwepeki, lazima uchukue ile yetu uizidishe kwa 17 nzima. Ila ukishailipia hiyo, mtu wa 18 anaingia bila gharama, kwa kuwa 18 ni mbili na tatu mbili na hizo zilikuwemo tangu mwanzo. Kwa bei ile ile na uzito ule ule ni magunia 68. Binti yangu amesharuka mbele yupo kwenye watu 20, anasema inakuja 232,792,560, na ameniandikia kwenye kiroba kipya.

Wenu,
Mshika daftari wa ukoo,
Newala, Mtwara